Giza la Salem: shajara ya mradi wa vipindi vya sauti

Februari, mwanzoni

Tumeanza rasmi. Mradi ni vipindi sita vya sauti kwa Kiswahili, kila kimoja kama nusu saa, kuhusu wale waandishi wa Marekani wa karne ya 19 ambao wahakiki huwaita walimbwende wa giza, yaani watu wa mkondo wa Dark Romanticism: Edgar Allan Poe, Nathaniel Hawthorne na Herman Melville, pamoja na Charles Brockden Brown aliyewatangulia. Tunawalenga wanafunzi wa fasihi, na yeyote anayependa hadithi za kutisha huku akipika au akisubiri daladala ijae.

Timu ni ya watu watatu. Mimi naandika miswada. Fundi sauti anarekodi na kuhariri. Mwalimu, mama mstaafu aliyesomesha fasihi miaka mingi hapa Unguja, ndiye msomaji. Kabla ya kukubali alitoa sharti moja: "Mwanangu, sitaki wasifu wa marehemu. Kila hadithi uniambie imeokotwa wapi."

Sharti hilo ndilo limekuwa mpango mzima. Kila kipindi tunakijenga juu ya karatasi ya kweli iliyo nyuma ya hadithi: kumbukumbu za mahakama, gazeti, kitabu cha nahodha. Gothiki, yaani fasihi ya kutisha, ya Uingereza ilianzia kwenye majumba. Horace Walpole alitoa The Castle of Otranto mwaka 1764, na baada yake kila mwandishi akawa na ngome yake, handaki lake na mtawa wake mwenye siri. Marekani haikuwa na ngome hata ya kuazima. Brown alilisema waziwazi katika utangulizi wa Edgar Huntly, mwaka 1799: ngome na mazimwi anawaachia wengine, yeye atatumia uhasama na wenyeji asilia na hatari za nyika za magharibi. Waliokuja nyuma yake walipiga hatua zaidi, wakaingia masjala.

Februari, katikati

Kipindi cha kwanza, cha Brown, kimekwisha. Riwaya yake Wieland (1798) inamhusu mtu anayesikia sauti ikimwamuru aue mke na watoto, na mtu mwingine, Carwin, mwenye kipaji cha kutupa sauti yake isikike inatoka kwingine. Karatasi yetu ni kisa cha James Yates, mkulima wa Tomhannock, New York, aliyeua mkewe na watoto wao wanne mwaka 1781 akidai roho imemtuma. Habari ile ilichapishwa kwenye jarida la New York mwaka 1796, miaka miwili kabla ya riwaya.

Kwa kazi ya sauti hii ni zawadi, maana kitabu kizima kinauliza sauti imetoka kwa nani. Fundi amemsogeza Carwin kutoka sikio la kushoto hadi la kulia bila kuaga, na ukivaa spika za masikioni unageuka nyuma. Ila Brown mwenyewe si mtamu kusoma. Sentensi zake hazina kituo. Mwalimu aliomba maji katikati ya aya. Tumemfupisha bila huruma.

Machi, mwanzoni

Poe. Kila niliyemdokezea mradi huu ameuliza habari za kunguru. Tunamwacha. The Raven la 1845 ni shairi la kusomwa kwa sauti, na limeshasomwa vya kutosha. Sisi tumechukua The Tell-Tale Heart, hadithi ya kurasa chache iliyotoka Januari 1843, kwa sababu karatasi yake inatupeleka Salem, Massachusetts, na mji huo tutaurudia hadi wasikilizaji wachoke.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1830, Kapteni Joseph White, tajiri wa miaka 82, aliuawa kitandani kwake mtaa wa Essex. Alipigwa rungu la kichwa, kisha akachomwa kisu mara 13 karibu na moyo. Muuaji alikuwa Richard Crowninshield, kijana wa ukoo mkubwa wa hapohapo mjini, aliyeahidiwa dola 1,000 na ndugu wawili, Joseph na Frank Knapp. Joseph alikuwa amemwoa binti wa mpwa wa mzee, na alidhani wasia ukipotea fungu la mama mkwe litanenepa. Akauiba wasia. Aliouiba sio uliokuwa na nguvu. Crowninshield alijinyonga gerezani, na ndugu wote wawili walinyongwa mwaka huohuo.

Aliyeitwa kuongoza mashtaka ni Daniel Webster, seneta na msemaji hodari kuliko wote wa enzi ile. Hotuba yake ilichapishwa ikasomwa nchi nzima, na wahakiki wengi wanaiona ndani ya hadithi ya Poe. Ukiziweka bega kwa bega utaelewa kwa nini. Webster anamchora muuaji akinyata hadi kitandani, mwanga wa mwezi ukiangukia mvi za mzee kumwonyesha pa kupiga. Kwa Poe, muuaji anafungua kitundu cha taa, na uzi mmoja wa mwanga unaangukia jicho la mzee. Webster anasema mwenye siri ya kuua huihisi ikimdunda moyoni, ikimpanda kooni, ikidai kutoka. Hana pa kukimbilia ila kukiri au kujiua, na kujiua nako ni kukiri. Kwa Poe, muuaji anakaa kwenye kiti juu ya mbao alikozika maiti, anazungumza na polisi watatu kwa tabasamu, na moyo unaanza kudunda.

Poe aliongeza kitu ambacho wakili hakuweza kukifanya: alimpa kinywa muuaji. Wakili husimulia uovu wa mtu mwingine. Poe anakuweka ndani ya kichwa kinachokuapia kwamba si kichaa, tena kinatoa ushahidi wa akili timamu kwa kueleza jinsi kilivyofungua mlango polepole. Katika utangulizi wa mkusanyiko wake wa 1840, wahakiki walipokuwa wakimwona mwiga Wajerumani, alijibu kwamba hofu anayoiandika si ya Ujerumani, ni ya roho. Mwalimu ameusoma mstari huo pasipo kupandisha sauti hata kidogo. Umekaa vizuri.

Jambo moja kumhusu marehemu White limeingia kwenye muswada dakika za mwisho. Mchungaji William Bentley wa Salem aliandika kwenye shajara yake, mwaka 1788, kwamba White alimkiria kuwa hasiti kuuza sehemu yoyote ya wanadamu. Mzee aliyelala kwa amani katika hotuba ya Webster alikuwa na mikono katika biashara ya watumwa. Hotuba haikugusa hilo. Sisi tumeliweka mwishoni, kwa sentensi moja, bila muziki.

Machi, wiki iliyofuata

Ubishi wa moyo.

Poe anasema mdundo ule ulikuwa wa chini, mzito, wa haraka, mfano wa saa iliyofungwa ndani ya pamba. Fundi hakutaka kutumia sauti ya kupakua intaneti. Akaazima saa ya mfukoni ya kutia ufunguo, akanunua pamba duka la dawa, akaizungushia tabaka juu ya tabaka, akaweka maikrofoni karibu kabisa. Pamba ikiwa kidogo, saa inabaki saa. Ikizidi, haisikiki kitu. Katikati pana unene ambapo mlio wenyewe unapotea na kubaki mdundo tu, kama dumuzi anayetafuna boriti usiku. Tulikaa tukasikiliza na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema basi.

Kisha Mwalimu akauliza, "Sasa hao polisi wanausikia?"

"Hawausikii, Mwalimu. Anausikia yeye peke yake."

"Basi ukimsikilizisha msikilizaji, umeshamwambia muuaji anasema kweli."

Fundi akanyamaza. Ni kweli. Ukiuweka moyo, umeamua kesi: ama maiti anadunda, ama msimulizi ana haki ya kuchanganyikiwa. Hadithi inasimama kwa sababu hakuna wa kuthibitisha. Tumeamua mdundo usiwepo kabisa. Badala yake Mwalimu anaharakisha usomaji hadi pumzi zinakatika, na nyuma yake pana ukimya wa chumba. Saa ya pamba tumeitumia mahali pamoja tu, mapema, usiku wa kuua, ambapo huenda ni ya ukutani.

Kurekodi kwa Mji Mkongwe mchana haiwezekani: pikipiki, kunguru, watoto wa madrasa. Tumehamia baada ya isha.

Aprili

Hawthorne anachukua vipindi viwili, na hapa ndipo nimekaa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Alizaliwa Salem tarehe 4 Julai 1804. Babu wa babu yake, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu wa kesi za uchawi za mwaka 1692, zilizowanyonga watu 19 na kumkandamiza mzee mmoja, Giles Corey, kwa mawe hadi kufa. Mjukuu aliongeza herufi moja kwenye jina la ukoo, lakini hakukimbia mbali. Katika utangulizi wa The Scarlet Letter anasema anaibeba aibu ya wazee wake na kuomba laana yoyote waliyoichuma iondolewe.

Kipindi cha tatu ni Young Goodman Brown, 1835. Kijana anaaga mkewe, anaingia msituni usiku, anakutana na mzee mwenye fimbo ya nyoka, na mwisho anawakuta mchungaji, shemasi na wacha Mungu wote wa kijiji katika mkutano wa shetani. Kijana huyo, naye jina lake Brown, anajitetea kwamba ukoo wake ni wa watu wema. Mzee, ambaye ndiye shetani, anacheka, anamwambia anawajua vyema: alimsaidia babu yake alipomcharaza viboko mwanamke wa Kikweka, dhehebu la Kikristo, mitaani Salem, na ni yeye aliyemletea baba yake kijinga cha moto cha kuchomea kijiji cha wenyeji katika vita vya Mfalme Philip. Vita hivyo, vya walowezi na wenyeji asilia, vilipiganwa 1675 na 1676. Na ukoo wa Hawthorne ulikuwa na mtu wa viboko vya Wakweka, William Hathorne, baba wa hakimu. Shetani anasoma kumbukumbu za familia ya mwandishi.

Mwalimu alisimama kwenye jina. Katika mkutano wa shetani yumo Martha Carrier, ameahidiwa kuwa malkia wa jehanamu. Martha Carrier ni mtu wa kweli, alinyongwa Agosti 1692. "Huyu mama amenyongwa bure," alisema Mwalimu. "Miaka yote ile imepita, anamuua tena?"

Swali zuri, na sikutaka kulifunika. Jibu nililonalo linatokana na namna mahakama ile ilivyofanya kazi. Ilikubali ushahidi wa vivuli: mshtaki akisema ameona umbo la jirani likimtesa, umbo lile lilihesabiwa ni jirani mwenyewe. Tazama sasa Brown anaona nini msituni. Anaona maumbo ya jirani zake. Anapata na kielelezo cha kushika mkononi, utepe wa waridi wa mkewe, unaopepea kutoka angani na kunasa kwenye tawi. Kesho yake anarudi kijijini akiwa amekwisha kuhukumu kila mtu, na anaishi hivyo hadi kaburini. Hawthorne amemkalisha kwenye kiti cha babu wa babu yake, na amemwacha msomaji akae kando yake akihukumu. Ukiamini kwamba Martha Carrier alikuwepo msituni, umeshasaini hati ya kunyonga.

Mwalimu hakuridhika moja kwa moja. "Kwa msomaji mwerevu, sawa. Kwa mwingine, jina lake limechafuka tu." Nimeomba tuurekodi mjadala huu na tumeuweka ndani ya kipindi kama ulivyo.

Aprili, mwishoni

Kipindi cha nne: forodha.

Kutoka 1846 hadi 1849 Hawthorne alikuwa mkaguzi katika nyumba ya forodha ya Salem. Chama kingine kiliposhika urais aliondolewa kazini, akarudi nyumbani akaandika The Scarlet Letter, iliyotoka 1850. Utangulizi wake mrefu unaielezea ofisi ile: wazee wanaosinzia kwenye viti vilivyoegemezwa ukutani, gati linalooza, na zile asubuhi chache ambapo meli tatu nne zinafika kwa mpigo, na, anasema mwenyewe, kwa kawaida zinatoka Afrika au Amerika Kusini. Anatania kwamba jina lake halisafiri tena kwenye majalada ya vitabu. Sasa linapigwa kwa rangi nyeusi kwenye magunia ya pilipili, makasha ya sigara na marobota ya kila namna.

Hapa wasikilizaji wa Unguja watakaa vizuri kwenye viti. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na konsuli wa kwanza wa Marekani kufika Unguja, 1837, alikuwa Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem. Alielewana vizuri na Jairam Shivji, aliyekodi forodha ya upande huu. Meli za Salem zilileta nguo ya pamba, ile ile marekani ya bibi zetu, zikapakia pembe, ngozi na sandarusi. Sandarusi ilikuwa ikisafishwa kiwandani Salem ili ipikwe vanishi. Hawthorne aligonga muhuri mizigo ya Salem, na sehemu ya mizigo ya Salem miaka ile ilitoka hapa.

Fundi alitaka tukae hapo nusu saa nzima. Nimekataa, hadithi ni ya mwanamke aliyesimamishwa jukwaani mbele ya mji na herufi nyekundu kifuani, na forodha ni mlango wa kuingilia tu. Hawthorne anadai alikiokota kitambaa cha herufi ile ghorofani, kwenye karatasi chakavu za mkaguzi wa zamani. Hilo ni la kutunga. Lakini ni utungaji wa mtu anayejua fika aibu ya mji huwekwa wapi: kwenye jalada, limefungwa kamba, pembeni ya hesabu za ushuru.

Mwanafalsafa Emerson, jirani yake Hawthorne kule Concord, alikuwa ameshaandika mwaka 1836 kwamba mtu akisimama uwandani peke yake anakuwa jicho linaloona vyote. Hawthorne aliishi Concord miaka kadhaa na akimwamkia njiani. Hakushawishika.

Mei

Melville. Tumeacha nyangumi. Moby-Dick (1851), aliyomtunukia Hawthorne, haiingii kwenye nusu saa hata ukiikunja. Tumechukua Benito Cereno, iliyotoka kwa mfululizo jaridani mwaka 1855, na kwangu ndiyo hadithi nzito kuliko zote katika orodha hii.

Karatasi yake ni sura moja ya kitabu cha nahodha Amasa Delano cha 1817. Februari 1805, karibu na kisiwa cha Santa María, Chile, Delano alikuta meli ya Kihispania, Tryal, imechakaa. Akashinda humo mchana kutwa akigawa maji na chakula, akimwonea huruma nahodha mnyonge aliyefuatwa kila hatua na mtumwa mwaminifu. Ukweli ni kwamba Waafrika waliokuwa wakisafirishwa kuuzwa walikuwa wameiteka meli wiki kadhaa nyuma na kumtaka nahodha awarudishe Senegal. Mchana ule wote ulikuwa mchezo wa kuigiza. Mwanahistoria Greg Grandin, katika kitabu chake cha 2014, anaonyesha kwamba baadhi yao walikuwa Waislamu, na uasi ule wa Desemba 1804 uliangukia ndani ya Ramadhani. Mwalimu aliposoma hapo alitulia kidogo, akasema, "Endelea kurekodi, endelea."

Melville alibadilisha majina ya meli na mwaka, ila alimwacha Delano na macho yake. Tunaona anachokiona tu, na anachokiona ni watumishi waliozaliwa kutumikia. Tukio la kunyoa ndilo kitovu. Babo, yule mtumwa mwaminifu, anamfunga nahodha wake bendera ya Hispania shingoni iwe kitambaa cha kinyozi. Anachagua wembe, anaunoa kwenye kiganja chake. Nahodha anatetemeka, tone la damu linatoka juu ya povu, na Babo anamlaumu kwa upole: umetikisika, bwana. Delano anatazama upendo.

Ubishi ulizuka hapa tena. Mwalimu alitaka msikilizaji aambiwe mapema, fundi hakutaka.

"Kijana, mtu wa pwani akisikia wembe shingoni kwa bwana ataelewa mara moja. Unamficha nani?"

"Namficha Delano, Mwalimu. Wacha tumtangulie yeye."

Fundi ameshinda. Ndiyo maana hiki ni kipindi pekee ambacho karatasi haiji mwanzoni. Inakuja mwisho, kama Melville mwenyewe alivyoweka ushahidi wa mahakama ya Lima mwishoni mwa hadithi, kwa lugha kavu ya karani, inayotaja nani aliua nani. Na karani hana neno la Babo: alipokamatwa hakusema tena chochote. Sijamwandikia hata mstari mmoja. Nilishauriwa nimpe sauti, "leo ni zama zetu". Melville, akijua sana kusema, alimnyima makusudi hakimu ushahidi wa mtu huyu, na sioni kwa nini mimi niupeleke.

Kuhusu sauti: wembe kiganjani tumeupata kwa kisu cha mezani na ukanda wa ngozi. Mashoka yanayosuguliwa tumeyapata kwa seremala.

Juni

Limebaki la sita. Rasimu ya awali ilisema William Faulkner, A Rose for Emily, 1930: nyumba, vumbi, maiti kitandani. Nimeifuta. Ni hadithi nzuri, lakini inaturudisha kwenye jumba, na safari yetu ilikuwa ya kutoka jumbani.

Karatasi ya kipindi hiki ni habari ya gazeti la mwaka 1856, mwaka mmoja baada ya Benito Cereno: Margaret Garner, aliyekimbia utumwa Kentucky akavuka mto Ohio ukiwa barafu, na alipozingirwa Cincinnati akamuua binti yake mdogo asirudishwe. Toni Morrison aliikuta habari hiyo alipokuwa mhariri, akaijenga juu yake riwaya ya Beloved, 1987, nyumba yenye mzuka wa mtoto. Miaka mitano baadaye, katika Playing in the Dark, alieleza kwamba giza la kina Poe na wenzake lilichotwa kwa Waafrika waliokuwa wakiishi nao nchi moja bila kutajwa. Kwa Melville Mwafrika ametajwa. Kwa Poe tafuta mwenyewe; Morrison anaanzia kwenye kurasa za mwisho za Pym, riwaya ya Poe.

Mwalimu ameongeza Harriet Jacobs, mwanamke aliyekimbia utumwa, na amefanya vyema. Kitabu chake cha 1861 kinasimulia karibu miaka saba ya kujificha darini kwa bibi yake, Edenton, North Carolina, chumba cha futi tisa kwa saba, na mahali pa juu kabisa futi tatu. Hawezi kusimama. Anakuta keekee gizani, anatoboa vitundu ukutani, na kupitia vitundu hivyo anawaona wanawe wakicheza chini wasijue yupo. Kila kifaa cha gothiki kipo, na hakuna hata kimoja kilichobuniwa.

Muswada umefika dakika 41, lazima upungue. Nimekata maelezo ya Faulkner yaliyobaki na nusu ya Morrison. Jacobs sijamgusa. Fundi ameshaazima keekee kwa yule seremala wa mashoka na ametafuta ubao mkavu wa mninga. Ijumaa baada ya isha tunatoboa, Mwalimu akisoma.